Hariri ya Mkwe

Shamba la miforsadi la Levi Wabwile, miti ya kulishia viwavi wa hariri, lilionekana vizuri kutoka barabarani, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa. Mtu aliyetoka Bungoma mjini kuelekea Kibabii hangeweza kupita asilione: kijani kizito kinachokaribia weusi, matawi yamepita kichwa cha mtu mzima, majani mapana yamebanana hata jua halipati pa kupenya. Jumapili watu wakitoka kanisani Levi alisimama langoni na koti lake la suti, mikono mgongoni, akingoja kuulizwa. Alipoulizwa, alijibu kwa unyenyekevu uliofanyiwa mazoezi.

"Ni Mungu tu," alisema. "Na mbolea."

Levi alikuwa mtu wa mahindi. Alipima magunia katika ghala la nafaka mpaka akastaafu, na maisha yake yote alijua dalili mbili tu za shamba zuri, nazo ni urefu na kijani kilichokolea. Kikundi cha wafugaji wa viwavi wa hariri kilipoanzishwa pale Kibabii, walimchagua awe mwenyekiti kwa sababu alikuwa na koti na alijua kufunga mkutano kwa maombi. Akapelekwa Kitale kwa mafunzo ya juma zima. Huko binti mmoja mtaalamu aliwaonyesha shamba lililokatwa mpaka magotini, mistari imeachana, nyasi za pembeni zimeachwa makusudi, samadi imewekwa badala ya mbolea ya dukani. Akawaeleza kwamba mforsadi usiokatwa, tena ukishibishwa mbolea ya dukani, hutoa majani laini yaliyojaa maji, na majani ya namna hiyo huwaita wadudu wanaofyonza utomvu kutoka kila upande. Levi alisikia yote na akaelewa yote. Lakini alipoviangalia vile visiki alimwonea huruma mwenye shamba. Alijiuliza mtu kama huyo anapokea wageni na uso gani.

Basi aliporudi nyumbani alilima alivyozoea. Mistari aliibana kama ya mahindi. Alitia ile mbolea nyeupe ya kukuzia, akarudia, kisha akaongeza kidogo ya kuwakomesha majirani. Alipalilia mpaka udongo ukabaki uchi, na wale wadudu wenye madoadoa ambao hula wadudu wenzao wakakosa pa kujificha, wakahama. Panga hakulitia kabisa. Kukata kitu kilichostawi, mbele ya macho ya watu wote wanaopita barabarani, kwake ilikuwa sawa na kuvua nguo sokoni.

Viwavi wenyewe aliwaachia mkewe Phelista. Ndiye aliyetoa viti vya sebule akavipeleka stoo pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, akapanga rafu za mianzi ukutani, akawalea wadudu wale mahali ambapo zamani alipokea wamama wa kanisa. Usiku na mchana walitafuna, na sauti yao ilijaa nyumba kama mvua nyepesi juu ya mabati. Phelista aliipenda sauti hiyo kuliko alivyotaka kukubali.

Siku moja alimwita mumewe kutoka langoni.

"Baba Lenah, kuja uguse hii jani."

"Niguse ya nini? Si ni jani."

"Inanata. Ni kama mtu ameimwagia soda."

Levi aligusa, akajipangusa kidole kwenye suruali.

"Sasa angalia huku chini. Hii nyeupe ni nini?"

Levi alikuwa ameiona hiyo nyeupe tangu zamani. Ilianzia kwenye maungio ya matawi, vijidonge vidogo vyenye manyoya kama pamba, kisha ikapanda mpaka kwenye vichwa vya machipukizi, navyo vikajikunja kama ngumi. Sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka juu ya shina kama wafanyakazi walioajiriwa.

"Ni unga," alisema.

"Unga gani inatembea?"

Levi akakohoa.

"Hawa ni wale chawa wa miti wenye ulituambia mlifundishwa huko Kitale," Phelista alisema. "Wanafyonza maji ya mti, wanakunya sukari, sisimizi wanakuja kulamba na kuwalinda. Wewe ndiye ulitusimamia kwa mkutano ukatufundisha hiyo maneno. Sasa huyo mtaalamu alisema dawa yake ni nini?"

"Alisema tukate."

"Si ukate."

"Nitakata. Siku ya Shamba ikipita. Wageni wanatoka Nairobi, mkwe wetu anatoka Kitale, halafu mimi nawaonyesha nini? Visiki? Watasema Wabwile ameuza miti ya kuni."

"Na wadudu wangu wakule nini mpaka hiyo siku?"

"Majani ni mingi, Mama Lenah."

"Hata takataka ni mingi," Phelista alisema, akarudi ndani.

Siku ya Shamba ilifika na hema, na vipaza sauti, na sufuria kubwa za kuazima kanisani. Mgeni wa heshima alikuwa Bwana Gicheru wa mradi fulani wa Nairobi, mtu mnene mwenye furaha, aliyevaa gambuti mpya ambazo bado zilikuwa na karatasi ya bei. Pembeni yake, kwenye kiti chenye mto, aliketishwa Mzee Kipketer kutoka Kitale. Mwaka uliotangulia Lenah, binti wa Levi, aliolewa na Kiplimo mwana wa Kipketer, na tangu siku hiyo wazee hawa wawili walikuwa wameheshimiana kiasi cha kuchosha. Hawakuwahi kuzungumza jambo lolote zito kuliko hali ya mvua. Wakila pamoja, kipande cha mwisho cha nyama kililala kwenye sahani mpaka kikapoa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukichukua mbele ya mwenzake.

Gicheru aliongozwa shambani, umati nyuma yake. Alishika jani, akalisifu. Alishika shina, akasimama ghafla. Akakwangua ile nyeupe kwa ukucha, akaisugua kati ya vidole, akainua mkono juu ili kila mtu aone.

"Mabibi na mabwana," alisema, "nimetembea mashamba mengi, lakini hii sijaona. Mnaona? Hii hapa ndiyo hariri yenyewe. Imeanza kutoka mpaka kwa shina."

Kule kwenye sufuria mwiko wa Phelista ukasimama. Wanachama wa kikundi, watu ambao walikuwa wanafagia mavi ya viwavi ndani ya nyumba zao kila asubuhi na wanajua vizuri hariri inatoka wapi, waliinamisha vichwa wakaangalia viatu vyao. Mgeni ametoka Nairobi. Ametoka na hema lake mwenyewe. Tena chakula kilikuwa hakijapakuliwa. Levi alifungua kinywa aseme neno, lakini makofi yakawahi.

Ndipo Kipketer aliposimama.

"Mkwe," alisema, na watu wote wakanyamaza kwa adabu, "mimi ni mtu ya mahindi na maziwa. Hii mambo ya hariri sijui. Lakini leo nimeona na macho yangu. Sasa mbele ya hawa watu nakuomba mbegu ya hii miti. Ile yenye iko na hariri kabisa."

Mtu huombwa ng'ombe na mkwe akatoa, sembuse vijiti. Hivyo ndivyo shamba la Levi lilivyoonja panga kwa mara ya kwanza. Alikata mwenyewe, na kwa kuwa macho ya Kipketer yalikuwa yanafuata mkono wake kwa shukrani, alilazimika kuchagua matawi meupe kuliko yote. Akayafunga ndani ya gunia lililoloweshwa. Phelista alimfuata mpaka nyuma ya choo.

"Unampelekea chawa."

"Nyamaza, watu wanasikia."

"Msichana wetu anaishi kwa hiyo boma, Baba Lenah. Utamwambia huyo mzee?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kwa simu," alisema Levi. "Mambo kama haya ni ya simu."

Haikupita wiki nyumba ikanyamaza. Viwavi walikuwa wamekaribia kusokota, wanene kama kidole, lakini yale majani yenye utando wa sukari na masizi meusi juu yake yaliwaharibu matumbo. Waliacha kula. Wakalegea, wakaanza kunuka. Phelista aliwakusanya kwa mikono ndani ya beseni, rafu moja baada ya nyingine, bila kusema neno, na Levi aliyekuwa amesimama mlangoni alitamani mkewe amtukane.

"Nitapiga dawa," Levi alisema. "Ile ya kupe. Hao chawa watakufa wote."

"Dawa inaua wadudu," Phelista alijibu. "Na wangu ni nini, mbuzi?"

Alilimwaga beseni ndani ya shimo, akanawa, akachukua panga, akaenda shambani. Alianzia nyuma, upande wa nyumba, akakata kila shina mpaka magotini. Alichoma matawi yote hapohapo, kisha akatandaza samadi ya ng'ombe na kuacha nyasi za pembeni ziote zitakavyo. Alipofika katikati Levi alimwomba jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, kwamba auache ule upande wa barabarani. Phelista akafuta utomvu kwenye panga. Akauacha.

Hiyo ndiyo ikawa amani ya nyumba ile. Mvua ya vuli ilipokuja, upande wa nyuma ulichipua majani safi, magumu kidogo, bila sukari wala sisimizi, na Phelista akaanza kulea viwavi wapya wachache. Upande wa barabarani ulizidi kujikunja na kupakwa masizi. Levi bado alisimama langoni Jumapili, lakini siku hizi alimwahi mtu kwa maswali ya afya ya watoto kabla hajaulizwa lolote.

Na kweli alipiga simu Kitale. Hakuna anayeweza kusema hakupiga.

"Mkwe, ile mambo ya miti," alianza.

"Imeshika yote, mkwe. Yote kabisa. Umetuheshimu sana."

"Vizuri. Sasa nilikuwa nataka kusema kitu."

"Sema, mkwe."

Levi alitazama ukuta. Alilitafuta neno ambalo lingeweza kubeba chawa bila kumchafua mtu, akalikosa.

"Mvua iko?" aliuliza.

"Iko," alisema Kipketer.

Akapiga tena kabla ya Krismasi, wakaongea juu ya mvua ile ile.

Kiangazi cha Januari, mwaka wa elfu mbili na saba, ndicho kilicholeta maneno. Lenah aliflashi simu ya babake asubuhi, ikaita mara moja ikakatika, akaflashi tena, na Levi alipompigia alisikia mtu anayezungumza akiwa ameziba mdomo kwa leso.

"Baba, mimi nasugua."

"Unasugua nini?"

"Miti. Na mswaki. Mama ya Kiplimo anasema kwa vile natoka kwa nyumba ya hariri, nitoe hariri. Amealika wamama wa kanisa waone. Mimi kila siku nasema bado haijaiva. Sasa wameanza kusema nawanyima. Ati kwetu tumeficha ujuzi, tumewapatia mti na tukabaki na kazi yake. Jana mmoja ameniuliza kama nilikuja na mikono ama nilikuja na mdomo tu."

"Na Kiplimo?"

"Kiplimo ako Eldoret kazini. Anasema niheshimu mamake."

Levi alikaa kwenye kiti. "Hukuwaambia ni nini?"

"Niwaambie baba yangu aliwaletea chawa? Mbele ya wale wamama?" Sauti ya Lenah ikabadilika. "Imehamia kwa mapera, Baba. Imefika kwa avokado ya jirani. Mimi siwezi kusugua Kitale yote. Si ukuje uwaambie mwenyewe?"

Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika, kwa hiyo Phelista alisikia kila neno. Hakugomba. Alienda kupiga pasi shati la mumewe, na kwa jinsi alivyoikandamiza ile pasi Levi alijua kwamba kesho asubuhi atakuwa Kitale, na kwamba asiposema, asirudi nyumbani.

Boma la Kipketer liko nje kidogo ya mji, ukishapita mtaa wa Tuwan. Levi alifika akiwa na neno lake tayari mdomoni. Alikuwa amelirudia njia nzima: mkwe, kabla sijakaa, nilikukosea. Maneno machache tu. Lakini Kipketer alimpokea langoni kwa mikono miwili, akamwekea kiti barazani, na Levi akakaa. Jelimo, mkewe Kipketer na mamake Kiplimo, alileta chai ya maziwa mengi, mayai ya kuchemsha na chapati zilizokunjwa. Mtu hawezi kutaja chawa akiwa ameshika kikombe cha mwenyeji wake. Levi akanywa, akaongezewa, akanywa tena.

Kutoka barazani aliona kila kitu. Miforsadi ilikuwa imepandwa mistari iliyobanana, imetiwa mbolea, imepaliliwa mpaka udongo unang'aa. Kipketer naye alikuwa mtu wa mahindi. Mashina yalikuwa meupe. Mapera karibu na jiko yalikuwa meupe. Na katikati ya mistari, juu ya kigoda, aliketi Lenah na beseni na mswaki wa zamani, anasugua. Alikuja kumwamkua babake akiwa ameinama, macho chini, kama desturi inavyotaka. Vidole vyake vilikuwa vimenata na vimebadilika rangi. Levi alishika mkono ule na roho ikamuuma vibaya.

"Nimekuja na neno, mkwe," Levi alisema, msichana alipoondoka.

"Neno ni nzuri baada ya chakula," alisema Kipketer.

Wakala. Kipande cha mwisho cha kuku kikapoa kwenye sahani.

"Ni juu ya ile miti," alisema Levi.

"Miti ni mizuri. Tunashukuru."

"Iko na shida kidogo."

"Hakuna shida kwa mkwe," alisema Kipketer haraka, akageuza uso akaangalia ng'ombe. "Huko Bungoma mahindi mmeuza bei gani?"

Levi alisikia moyo wake unatulia, na akajichukia kwa hilo. Alitaja bei ya mahindi. Kipketer akasikitika. Levi naye akasikitika. Wangeendelea kusikitika mpaka jioni, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa hasara ambayo haikuwa yenyewe, kama Lenah hangekuwa anasikia.

Lenah aliweka mswaki ndani ya beseni. Alisimama, akaingia stoo, akatoka na panga. Akaenda kwenye mstari wa kwanza, akainama, akakata mforsadi wa kwanza chini kabisa. Kisha wa pili.

Hapo ndipo ile heshima iliyowafunga wote ilipomfungulia yeye peke yake. Kipketer hangeweza kumgombeza mke wa mwanawe mbele ya baba yake mzazi. Ingekuwa ni kumtukana mgeni. Levi hangeweza kumkataza binti yake ndani ya boma la wakwe zake; si lake. Jelimo alitoka jikoni kwa kishindo, kinywa wazi, akamwona Levi barazani, akakumbuka, akarudi jikoni na kufunga mlango taratibu. Wazee waliangaliana. Kipketer akageuza kiti chake kidogo kuelekea barabarani. Levi akageuza chake. Nyuma yao panga liliendelea kukata, na Kipketer akapandisha sauti akaanza kueleza habari za ng'ombe wake aliyezaa mapacha.

Habari za mapacha hao hazikuwa zimefika mbali lango lilipofunguka. Aliyeingia ni Mbugua, jirani anayeuza mbao mjini Kitale, mtu mwepesi wa miguu na wa mdomo, na kwapani alikuwa na gunia tupu.

"Wazee, hamjambo. Nimekuja kwa ile mbegu ya hariri, mzee hapa alisema nirudi siku nyingine." Akaona shamba. "Hee. Mnavuna?"

"Hakuna ya kupeana," alisema Lenah bila kusimamisha panga. "Nitachoma yote."

Mbugua alicheka. "Nilikuwa naambiwa lakini sikuamini. Ati msichana wa Bungoma afadhali achome kuliko jirani apate. Mzee Kipketer, huyu mtoto umepata wapi? Kwao wanajua kuficha mali, bana." Akaingia shambani, akaanza kuokota matawi yaliyokatwa, meupe, akiyaingiza ndani ya gunia. "Hata hii ya kutupwa itanifaa. Mchoyo akitupa, sisi tunaokota."

Lenah alisimama na panga mkononi. Alimwangalia babake, na hakuangalia chini.

Levi hakujua alivyosimama. Alijikuta tu amesimama, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko ya kufunga mkutano.

"Weka chini. Hiyo si hariri. Ni chawa wa miti. Mimi ndiye nilileta."

Mbugua alibaki ameinama na tawi mkononi.

"Nilijua hata nikikata nikiyatia kwa gunia," Levi aliendelea, sasa akimgeukia Kipketer, kwa sababu kama ni kufa basi afe kabisa. "Kwangu ilikuwa imejaa. Nilifundishwa hapa hapa Kitale nikate, nipunguze mbolea, nikakataa juu nilitaka watu waone shamba nene. Ile mzee ya Nairobi aliposema ni hariri nikanyamaza. Huyu mtoto hakuwanyima kitu. Alikuwa ananificha mimi. Nimekukosea, mkwe."

Jikoni vyombo viliacha kugongana, kama vya mtu aliyeweka sikio mlangoni. Kipketer alikuna goti lake.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ni chawa. Mtu wa kilimo alipita hapa Desemba akanionyesha."

"Desemba." Levi alikaa tena. "Na hukuniambia? Tuliongea kwa simu, mkwe."

"Tuliongea juu ya mvua." Kipketer alikuwa anaona haya kama kijana. "Ningekuambia aje? Wewe ni mkwe. Umenipatia zawadi mbele ya watu, mimi nikupigie nikuambie zawadi yako iko na chawa?"

"Na msichana akasugua siku zote hizo."

"Nilifikiri akisugua watapungua," alisema Kipketer. "Mama Kiplimo sikumwambia, angeambia kanisa. Wewe ulileta chawa, mkwe. Mimi nilitoa mswaki. Tumefanya pamoja."

Levi alitaka kukasirika, na alikuwa na haki, lakini hasira haikupata pa kusimama kwa sababu aibu ilikuwa imejaa nafasi yote. Lenah alikuwa amerudi kwenye kazi yake. Alikata shina lingine, na safari hii hakuna aliyegeuza kiti. Kipketer aliinuka polepole, akakunja mikono ya shati, akaanza kukusanya matawi mahali pamoja. Levi akaenda upande wa pili wa lundo lile lile.

Mbugua aliachia tawi lake. Alijipangusa vidole kwenye gunia, akavitazama, akajipangusa tena.

"Wazee," alisema, na wepesi wote ulikuwa umemtoka mdomoni. "Wiki iliyopita nilichukua mzigo mmoja hapa. Mama Kiplimo alinikatia."

"Umepanda?" aliuliza Levi.

"Sikupanda. Nilimpelekea mkwe wangu huko Cherangany. Alichinja mbuzi." Akayamwaga matawi yaliyokuwa ndani ya gunia. "Amepandia karibu na machungwa yake. Sasa huyo mtu nitamwambia namna gani?"

Levi alimtazama kwa huruma ya kweli, huruma ambayo hakuwa amemwonea mtu kwa muda mrefu.

"Mwambie kabla hujakaa," alisema. "Ukishakaa, hutaweza."

Mbugua alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi. Kisha akatafuta kiti.